Muulize Fundi: Breki inapolisukuma gurudumu nje ya foki

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Lushoto. Mwezi wa nne nilinunua baiskeli ya mtumba, ya milimani, ina breki za diski mbele na nyuma. Gurudumu la mbele halina nati, lina kile kimkono cha kufungulia bila spana. Nikiteremka kuelekea Soni, kila nikishika breki ya mbele nasikia "tak" chini upande wa kushoto. Nikifika nakuta diski inakwaruza pedi. Nalegeza bolti za kalipa, kile kifaa kinachoshika pedi, naipanga upya, inatulia. Kesho yake hali ni ile ile. Fundi wa hapa ameshauri tukate kwa tupa vile vidomo vilivyo nchani mwa foki, anasema ndivyo vinavyozuia gurudumu kukaa sawa. Kabla hatujakata nimeona nikuulize. (Mwalimu, Lushoto)

Marahaba, Mwalimu. Msikate kitu. Mwambie fundi aweke tupa chini, nawe usiteremke tena na hiyo baiskeli mpaka uwe umemaliza kusoma majibu haya na kuyafanyia kazi.

Hiyo "tak" ni ekseli ya gurudumu la mbele inayoteleza ndani ya mfereji wa foki. Inashuka milimita moja au mbili, kisha inazuiwa na vidomo hivyo hivyo ambavyo mmepanga kuvikata. Ndiyo maana diski inakwaruza. Kalipa imebaki mahali pake kwenye foki, lakini diski imehama pamoja na gurudumu na kukaa mshazari. Wewe unaifuata kwa kuipanga kalipa, na siku ya pili gurudumu linahama tena. Nikiletewa baiskeli ya diski ambayo mwenyewe analalamika kwamba kalipa inataka kupangwa kila baada ya mteremko, siigusi kalipa. Kwanza natazama gurudumu limefungwaje, na mara nyingi sana sihitaji kutazama kingine.

Nenda ukasimame upande wa kushoto wa baiskeli yako. Utaona kalipa imefungwa nyuma ya mguu wa foki. Baiskeli ikienda mbele, ile sehemu ya diski iliyo nyuma ya ekseli inapanda juu. Zungusha gurudumu kwa mkono uone. Sasa pedi zinapoibana, diski inataka kuendelea kupanda, na kalipa haikubali kwa sababu imefungwa kwa bolti kwenye foki. Kalipa inaisukuma diski chini. Diski imeshikamana na habu, kile kitovu cha gurudumu, na habu ndiyo imebeba ekseli. Kwa hiyo kila unaposhika breki ya mbele, breki yenyewe inalisukuma gurudumu lako chini. Na mdomo wa ule mfereji ambao ekseli huingilia unatazama wapi? Chini.

Wapo mafundi wenzangu wanaosema haiwezekani, maana uzito wa mwendeshaji unaikandamiza foki juu ya ekseli. Tupige hesabu pamoja. Tuseme wewe na baiskeli mna kilo 90. Ukishika breki ya mbele kwa nguvu, tairi inaweza kuzuiwa na barabara kwa nguvu sawa na nusu ya uzito huo, yaani kilo 45. Nguvu hiyo iko kwenye ukingo wa tairi, sentimita 33 hivi kutoka kwenye ekseli kama gurudumu ni la inchi 26. Pedi nazo ziko karibu sana na ekseli. Kwa diski ya milimita 160, ni kama sentimita 7 na nusu tu. Jaribu kuuzuia mlango kwa kuusukuma karibu na bawaba, utaona unavyotumia nguvu kuliko anayeusukuma penye kitasa. Gawa 33 kwa 7.5, unapata mara nne na kitu. Basi kalipa inaisukuma diski chini kwa karibu kilo 200, mifuko minne ya saruji. Hata ukitoa uzito wenu wote wa kilo 90, bado zinabaki zaidi ya kilo 100 zinazolivuta gurudumu litoke, na zinavuta upande wa kushoto iliko diski. Kinachozishinda ni mbano wa kwiki peke yake, yaani kile kimkono chako cha kufungulia bila spana. Kwiki ikiwa imebana sawasawa inaziweza, na inaziweza vizuri. Ikiwa imelegea, unasikia "tak".

Hesabu hii si yangu. Mwaka 2003 mwanasayansi mmoja Mwingereza, James Annan, ambaye pia ni mwendesha baiskeli, aliieleza hadharani, na mabishano yakawa makubwa. Aliongeza jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko hesabu yenyewe: ekseli ikisukumwa chini kwa breki, kisha juu kwa mashimo ya barabara, chini, juu, maelfu ya mara, ule mchezo unaweza kuilegeza nati ya kwiki kidogo kidogo hata kama mkono umebaki umefungwa. Kwa hiyo asubuhi umefunga vizuri, na huko chini Mombo unafika na kitu kingine. Barabara yenu, Lushoto hadi Mombo, ina zaidi ya kilomita 30 na inashuka karibu mita 1,000. Hapa kwetu Tanga mjini ni tambarare, mtu anaweza kuendesha na kwiki iliyolegea miaka miwili asijue.

Baiskeli nilizofundishiwa kazi, zile nyeusi za breki za fimbo, hazikuwa na tatizo hili. Breki inayokamata rimu iko mbali na ekseli karibu sawa na tairi yenyewe, kwa hiyo haihitaji nguvu mara nne, na inalisukuma gurudumu kuelekea nyuma, si chini. Kwiki nayo ilibuniwa kwa breki za namna hiyo. Inasimuliwa kwamba Muitaliano Tullio Campagnolo alikuwa kwenye mashindano mwaka 1927, mlimani Croce d'Aune, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, akashindwa kufungua nati za kipepeo za gurudumu lake. Akatafuta njia ya kulifungua bila kung'ang'ana na nati. Alichokibuni kilikuwa kizuri na bado ni kizuri. Ila diski zilikuja kufungwa kwenye foki zile zile, na mifereji ile ile inayotazama chini, miaka mingi baadaye.

Nami naandika kwa uchungu kidogo, Mwalimu, nisamehe nikirefusha. Mwaka 2013 mpwa wangu alikuja likizo na baiskeli ya mtumba yenye diski. Nilimfungia gurudumu la mbele mimi, kwa mikono yangu hii, hapa Ngamiani. Nilikuwa na miaka mingi kazini lakini kwenye nati, si kwenye kwiki. Nikaushika mkono wa kwiki nikauzungusha, ukazunguka, ukazunguka, mpaka ukagoma. Nikaridhika. Niliukaza kama nati ya kipepeo. Sikuugeuza. Wakaenda Amani na wenzake. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko, akashika breki ya mbele penye kona. Gurudumu likachomoka upande mmoja, foki ikachimba ardhi. Alivunjika mtulinga na meno mawili ya mbele. Foki ile haikuwa na vidomo, kuna mtu alikuwa amevikata kwa tupa kabla haijafika kwetu, na alama za tupa zilikuwa zinaonekana. Mimi niliziona siku ile nikafunga hivyo hivyo. Mpwa wangu amepona, sasa ana watoto. Lakini tangu siku ile hakuna foki iliyokatwa vidomo inayotoka kwenye kibanda changu ikiwa na breki ya diski.

Sasa kazi yako. Mkono wa kwiki haukazwi kwa kuzungushwa, unakazwa kwa kugeuzwa. Ndani ya kichwa chake mna kemu, kipande cha chuma ambacho katikati yake pako upande, na mkono unapogeuzwa ndicho kinachouvuta ule ufito unaopita katikati ya ekseli na kuzibana pande mbili za foki. Mikono mingi imeandikwa CLOSE upande mmoja na OPEN upande wa pili, na ukiifunga unatakiwa usome CLOSE. Simamisha baiskeli chini, kwa magurudumu yake, usiigeuze miguu juu. Fungua mkono, bonyeza usukani ili ekseli ikae mwisho kabisa wa mfereji pande zote mbili. Kisha shika nati iliyo upande wa pili, izungushe kidogo kidogo huku ukijaribu kuufunga mkono. Unatafuta mahali pamoja tu: mkono uanze kugoma ukiwa umenyooka kutoka kwenye gurudumu, kama mtu anayenyoosha kidole kuonyesha kitu kilicho pembeni yake. Kuanzia hapo mpaka ufungike, utumie kiganja, na vidole vyako viwe vimeukumbatia mguu wa foki ili upate nguvu. Ukimaliza, kiganja kiwe na alama ya mkono wa kwiki. Ukiweza kuufunga kwa kidole kimoja, bado. Ukiwa huwezi kuufunga kabisa, legeza nati robo mzunguko.

Halafu ufungue tena, utoe gurudumu, utazame foki. Meno ya nati na ya kichwa cha kwiki yanatakiwa yawe yameuma chuma na kuacha alama. Kanuni za Marekani za usalama wa baiskeli zinadai jambo hilo hilo, kwamba kwiki ikifungwa iache alama kwenye foki. Kama umeona rangi imevurugika badala ya chuma kuumwa, hapo umepata mchawi wako. Baiskeli nyingi za mtumba hupigwa rangi upya ili zipendeze, na wapiga rangi hawazizibi kwanza zile sehemu zinazobanwa zisipate rangi. Rangi nene inabondeka chini ya kwiki, ikishabondeka mbano unapungua. Kwangua rangi yote mahali nati inapokaa, ndani na nje, mpaka uone chuma au alumini.

Jambo la pili la kuangalia kwa mtumba ni kama kwiki hiyo ni ya gurudumu hilo. Kontena likifunguliwa, magurudumu ya mbele huwa yametolewa ili baiskeli zichukue nafasi ndogo, na kwiki nyingi zinakuja zimechanganyika ndani ya mfuko mmoja au zimepotea. Habu ya mbele ina upana wa milimita 100, ya nyuma kwenye baiskeli za milimani mara nyingi 135. Kwiki ya mbele ya baiskeli nyingine inaweza kuwa fupi kidogo kwa foki yako nene, ikashika nati kwa mizunguko miwili mitatu. Nataka angalau mitano. Na zile springi mbili ndogo, mdomo mwembamba utazame ndani, kwenye habu. Zikigeuzwa zinapanda juu ya ekseli na kuibia mbano.

La tatu ni aina ya kwiki yenyewe. Ziko ambazo kemu yake imefichwa ndani ya kichwa cha chuma, na ziko ambazo kemu iko wazi, inasugua juu ya washa ya plastiki iliyopinda. Kwa breki ya diski naomba utafute ya kwanza, yenye ufito wa chuma na meno ya chuma. Ile ya plastiki inabana kidogo kuliko hiyo kwa nguvu ile ile ya kiganja, na vumbi la Usambara likishaingia inabana kidogo zaidi.

Ukishafunga, inua sehemu ya mbele na uipige tairi ngumi kutoka juu, mara tatu nne. Isitikisike. Kisha ishushe, shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele kwa nguvu huku ukitazama ekseli upande wa kushoto. Nikiwa na mteja wa milimani namwambia arudie jambo hilo kabla ya mteremko, sio tu nyumbani. Ukiwa katikati ya safari na ukataka kuangalia, usiishike diski. Baada ya mteremko mrefu inaunguza kama kikaango.

Na fundi wako, mpelekee gazeti hili kwa heshima. Vidomo vinaudhi kweli, maana kwa sababu yake kila ukifungua gurudumu lazima uzungushe nati tena, na "kufungua haraka" inakuwa si haraka. Lakini vimewekwa kwa ajili ya siku ambayo mtu amefunga vibaya. Siku hiyo kwako imekuwa kila siku tangu mwezi wa nne.

Fundi, salamu kutoka Likoni. Binamu yangu aliye Marekani amenitumia baiskeli yake ya zamani ya Trek, ya mwaka 2011, ina diski. Juzi kwenye simu akakumbuka kwamba baiskeli kama hizo ziliwahi kuitwa zirudishwe dukani na yeye hakurudisha. Niogope? (Msomaji, Mombasa)

Usiogope, lakini chukua penseli.

Mwezi wa nne mwaka 2015 Trek walitangaza kuziita baiskeli zao zenye diski mbele, za miaka ya 2000 hadi 2015. Zilikuwa karibu 900,000 huko Marekani, na nyingine Kanada. Shida haikuwa kwiki kushindwa kubana. Shida ilikuwa mkono wake: ulifunguka kupita kiasi, zaidi ya nusu duara, mpaka ukaelekea kwenye diski. Mtu akiendesha na mkono haujafungwa vizuri, unaweza kuingia kwenye matundu ya diski inayozunguka, na gurudumu la mbele likasimama ghafla au likatoka. Waliripoti ajali tatu. Mmoja katika hao watatu alipooza mikono na miguu. Kabla mwaka haujaisha watengenezaji na wasambazaji wengine 13 wakatangaza vivyo hivyo, baiskeli kama milioni 1 na laki 3 Marekani peke yake, wakiwemo Giant, Specialized na Cannondale. Kwa hiyo wasomaji wenye baiskeli za majina mengine nao wasome.

Kipimo walichotoa kinafanyika nyumbani. Fungua mkono wa kwiki ya mbele mpaka mwisho, uuzungushe taratibu kuizunguka habu, na popote unapopita karibu na diski uwe na nafasi ya milimita 6 au zaidi, unene wa penseli ya kawaida. Penseli ikipita, kwiki yako si ya lile tatizo. Isipopita, kwiki hiyo haifai. Itoe leo. Marekani walikuwa wanabadilishiwa bure, sisi tuliozipata mkono wa pili tunanunua wenyewe, na kwiki nzuri si kitu cha kumfilisi mtu mwenye baiskeli ya namna hiyo. Ukinunua mpya, ipime tena kwa penseli dukani au kibandani kabla hujalipa, maana kwiki za mikono inayopitiliza bado zinazunguka sokoni.

Kuna njia nyingine ninayoipenda, nayo ni kuhamisha mkono uwe upande wa kulia, mbali na diski. Chomoa ufito wote, upitishe kutoka upande wa pili. Shimano katika maelekezo yao wanaonya juu ya kuweka mkono upande wa diski kwa sababu hiyo hiyo ya kugusana. Pia mkono ulio kulia haukuunguzi vidole ukitaka kufungua tairi iliyopata pancha baada ya kuteremka. Mkono ukishafungwa, uelekee juu au nyuma kidogo ya mguu wa foki. Usielekee mbele, unaweza kunaswa na kijiti au waya.

Fundi mimi ni wa hapa hapa Tanga, Makorora. Nimeibiwa gurudumu la mbele sokoni, mwizi hakuhitaji hata spana. Je, naweza kuweka bolti ya kawaida badala ya kwiki?

Pole sana. Bolti ya kawaida uliyookota kwenye chuma chakavu, hapana, maana haikukatwa kwa kipimo cha habu na kichwa chake hakina meno. Lakini zipo fito za gurudumu ambazo badala ya mkono zina kichwa cha kufungulia kwa ufunguo wa aleni wa milimita 5. Tafuta hiyo. Inabana vizuri, haina mkono wa kugusa diski, na mwizi mwenye haraka anaachana nayo. Ifunge kwa nguvu ya mkono mzima, si ya vidole viwili, na ubebe ufunguo wako kwa ajili ya pancha.

Assalaam alaykum. Niko Maskati, Ijumaa naenda milimani na kikundi. Wenzangu wote wana ekseli nene inayopita kwenye matundu, mimi bado nina kwiki. Wananiambia baiskeli yangu imepitwa na wakati na ni hatari. Naweza kubadilisha?

Waalaykum salaam. Wenzako wana haki kuhusu ubora wa ile ekseli. Ni ya milimita 12 kwa baiskeli za barabara, 15 kwa nyingi za milimani, na 20 kwa zile nzito za kuteremka. Inapita kwenye matundu yaliyofungwa pande zote, haina mfereji wenye mdomo chini. Breki isukume itakavyo, gurudumu halina pa kutokea mpaka ekseli yenyewe ichomolewe. Watengenezaji waligeukia huko, na mimi nafurahi waligeukia.

Kubadilisha si kubadilisha kifito. Ni foki mpya, na habu ya mbele inayokubali ekseli hiyo. Habu nyingine zina vipande vya pembeni vinavyobadilishwa, kwa hiyo mpelekee fundi aitazame kabla hujanunua gurudumu zima. Usikubali mtu akuchimbie au akuchomelee foki yako ya mfereji iwe ya tundu. Nimeletewa moja iliyofanywa hivyo na nilikataa kuifunga.

Mpaka upate pesa ya foki, kwiki yako si hatari kwa kuwa ni kwiki. Kwiki ya chuma yenye kemu ya ndani, iliyofungwa kwa kiganja, kwenye foki yenye vidomo, inafaa kwa mlima. Diski kubwa zaidi ya mbele, kama foki na kalipa yako zinairuhusu, nayo inapunguza ile nguvu inayosukuma gurudumu chini, kwa sababu pedi zinakuwa mbali zaidi na ekseli. Na wewe uwe ndiye unayesimama juu ya mlima kila Ijumaa na kuigusa kwiki kabla ya wote.

Fundi mwenzangu, mimi nina miaka 22, nina kibanda Morogoro. Wateja wakija na hizi baiskeli za diski, nikiwafungia kwiki kwa nguvu wananilalamikia. Wanasema, kaza kidogo tu nije niweze kufungua. Wengine ni watu wazima kwangu, nashindwa kuwabishia. Wewe unafanyaje?

Mwanangu, nimefurahi umeandika. Mkubwa habishiwi kwa maneno, unamwonyesha. Mimi namwita mteja akae karibu, nafunga kwiki kidogo kama anavyotaka yeye, kisha nashika breki ya mbele na kusukuma baiskeli mbele yake. Mara nyingi ekseli inasogea na anaiona kwa macho yake, "tak". Sijawahi kupata mtu mzima aliyeniambia nikaze kidogo baada ya kuiona.

Kisha namfundisha yeye, kwa mkono wake. Simkabidhi baiskeli mpaka amefungua na kufunga mara tatu mwenyewe, na mara zote tatu kiganja chake kimebaki na alama. Kama ni mama ambaye mkono wake hauna nguvu hiyo, au mtoto, namfungia ufito wa aleni badala ya kwiki na kumwonyesha jinsi ya kutumia ufunguo, maana urefu wake unampa nguvu. Kama foki imekatwa vidomo namwambia wazi kwamba siifungi, na sidai hela ya kuitazama. Nimepoteza wateja kwa hilo. Mmoja alirudi baada ya miezi miwili na foki nyingine.

Weka pia tochi ndogo na kipande cha msasa karibu na mahali unapofungia magurudumu. Rangi iliyobondeka chini ya nati haionekani kwenye kivuli cha kibanda.